Foto Uliyowaonyesha Watoto wa Japani

Balsall Heath,
Birmingham,
Tarehe 10 Februari 2008.

Mpendwa binti yangu Orpha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani, mama? Mwili unaendeleaje? Kile kikohozi cha wakati wa Noeli kimeisha, au unanificha? Theluji ya huko bado inafika kwenye dirisha? Na lile jiko la mafuta ya taa unaloota chumbani, unalizima kabla ya kulala? Lizime, hata kama baridi inauma. Vaa soksi mbili. Nilisikia kulikuwa na tetemeko la ardhi huko. Surinder jirani yetu akaniambia ni mbali na kwako, lakini Surinder hajafika Japani, anasema tu ili mimi nipate usingizi. Niandikie kama ni mbali kweli.

Sisi huku tuko wazima. Papa yako goti linamsumbua lakini kazini anakwenda. Mdogo wako Arsène amezidi kuwa mrefu, na nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kama unavyomjua. Mvua inanyesha tu. Mungu anatulinda.

Basi nimekwisha kukusalimu vizuri, vile mtu anavyopaswa kumsalimu mtoto wake. Sasa nisikilize. Niko na hasira na wewe, Orpha. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Naandika mwenyewe, sikumpa Arsène kalamu, kwa sababu maneno haya si ya kupitia kwa mtoto. Unajua mimi shule yangu ni madarasa manne, utavumilia. Kwa simu sikutaka. Kwa simu ungelia, na wewe ukilia mimi nakusamehe kabla sijasema chochote.

Katikati ya Januari mtu wa posta alileta kifurushi kutoka Japani. Nikajua ni wewe. Arsène akasoma mgongoni, akasema hapana, kimetoka kwa mkuu wa shule unakofundisha. Ndani mlikuwa na barua ya Kiingereza, kitambaa kizuri chenye samaki wekundu, na DVD. Juu ya DVD kuna picha yako umesimama mbele ya watoto, umevaa lile koti nililokununulia sokoni. Arsène akasema hii ni siku ile wazazi wa huko wanapokuja kukaa nyuma ya darasa kutazama watoto wao wakifundishwa, na shule ilirekodi. Mkuu ameituma kwetu kwa heshima tu, ili sisi wazazi wako nasi tukuone unafundisha. Nadhani wewe hukujua. Ungejua, ungemzuia.

Hapo nilifanya kosa langu, na nakubali ni langu. Badala ya kuitazama peke yangu, nikangoja Jumamosi, nikawaita wamama wote wa kikundi cha maombi. Wamama kumi na mmoja, Orpha. Nilianza kutwanga majani ya muhogo ya sombe asubuhi. Nilikaanga sambusa. Nilitoa ile plastiki kwenye viti. Wakaja na vitenge vyao vya Jumapili, na mimi nikasimama nikawaambia, mtoto wangu anawafundisha Kiingereza wale watu wanaotengeneza magari ya dunia nzima. Wakapiga makofi. Nilijiona mtu.

Unamjua Thérèse anavyotafsiri kanisani. Anasimama karibu na mhubiri, mhubiri akisema mimi, naye anasema mimi. Basi hivyo hivyo akasimama kando ya televizyo na mkono kifuani. Wewe ukafungua mdomo kule Japani, yeye akafungua mdomo hapa sebuleni kwangu.

Akasema, "Mimi naitwa Orpha. Mimi nimezaliwa Birmingham, Uingereza."

Mmoja akauliza, "Uvira imehamia huku lini?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema anawarahisishia watoto, Kongo ni habari ndefu.

Halafu ukatundika ile foto kubwa ubaoni. Thérèse akasema, "Hii ndiyo nyumba yetu. Mama yangu anapenda sana maua." Nikatazama. Nyumba ya matofali mekundu, madirisha yametokeza mbele, ngazi tatu. Ni nyumba ya kule mtaa wa Moseley, ya yule bibi mzungu ninayemsafishia kila Alhamisi. Na mlangoni ni mimi. Mimi mwenyewe, kitambaa cha bluu kichwani, ndoo mkononi, nimecheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Wamama hawakungoja. "Immaculée! Immaculée ni wewe! Umefika Japani bila pasipoti!" Vigelegele, Orpha. Mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. Thérèse naye aliacha kutafsiri akanikumbatia.

Wakati tunapiga vigelegele, kitoto kimoja chenye miwani kikanyosha mkono. Kikasimama vizuri kikauliza, na kidole kinaonyesha mlango. Nilijua kinauliza nini, haikuhitaji tafsiri. Nikawanyamazisha wote. Nilitaka kusikia ukinitaja.

Kabla ya kujibu ulitazama nyuma ya darasa, kule walikokaa wazazi na wakubwa wako. Nililiona hilo jicho. Likaenda nyuma, likarudi. Halafu ukajibu, na ukatabasamu.

Thérèse akaanza, "Yule ni..." Akageuka akaitazama televizyo.

Nikamwambia, "Endelea, dada."

Akasema, "Sauti imekatika kidogo."

Sauti haikukatika. Kabinti kake, Précieuse, kalikuwa kamekaa chini kwenye kapeti kanakula sambusa. Kana miaka saba, hakajui kuficha. Kakasema, "No, Mummy, she said that's our cleaner."

Mtu wetu wa kusafisha nyumba. Hilo neno cleaner nalijua. Kiingereza changu kinafika hapo. Limeandikwa kwenye beji ninayovaa kifuani kazini, miaka tisa sasa. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria.

Mmoja akainua sahani akasema sombe imekolea karanga. Mwingine akasema, "Lakini Orpha amenenepa, anapendeza." Nilitamani wanitukane. Walivyonihurumia, Orpha! Walikula haraka haraka, wakaosha vyombo wenyewe, wakakaza vitenge vyao, na mlangoni kila mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili kama watu wanaotoka kwenye matanga.

Papa yako aliporudi nikamwonyesha. Alitazama, akavua viatu, akasema, "Mtoto alikuwa mbele ya wakubwa wake wa kazi. Ungetaka afanye nini?" Nikamwambia, angenyamaza! Angesema hamjui! Akasema wazazi wa kule wanataka mwalimu Mwingereza wa kweli, ndiyo wanamlipia, na wewe unatafuta maisha. Nikamwambia kama ni hivyo aende akalale na maisha yake. Siku mbili sikumpikia. Naye ana kosa lake, usidhani nimekubali kwa sababu yeye yuko upande wako.

Mimi nilifikiri yamekwisha. Kumbe barua ya mkuu ilikuwa bado, Arsène alinisomea mistari ya juu tu. Jumatatu nikampelekea Surinder anisomee. Unamjua, Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake ni kile chake. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, akaishusha.

"Mama Orpha, hii mzee heshima yake mingi sana. Lakini naita wewe mwalimu mwenzake. Anasema mama ya Orpha pia nafundisha Kingereza. Wewe lini kuwa mwalimu? Mimi nakaa karibu yako miaka saba. Hata siku ya kutoa taka nakuja uliza mimi!"

Surinder alicheka mpaka akaona mimi sicheki.

Kwa hiyo haikuwa mara moja. Ningesema ulishtuka, kile kitoto kilikuuliza ghafla, mdomo ukateleza. Hilo ningelimeza. Lakini ulikuwa umekwisha kukaa na mkuu wako, mkanywa chai, ukanitengeneza mama mwingine kwa utulivu, mwenye diploma na bustani. Mimi nikabaki na ndoo.

Nataka unijibu hili. Ile foto ilipigwa na nani? Si wewe? Ulikuwa likizo, ulikuja kunisaidia kuosha madirisha kwa sababu mgongo uliniuma. Ulisema, "Mama, simama hapo, cheka." Nikacheka kwa sababu ni wewe uliyeniambia. Sikuona aibu. Yule bibi akatoka akakuletea juisi. Ni yeye aliyekaa na wewe kwenye meza yake ya jikoni akakusahihishia barua zako za kuomba hiyo kazi ya Japani, na mimi huku juu nasugua bafu nasikia mnacheka, nikamshukuru Mungu. Yule bibi ananiita Immaculée. Jina lote, hajawahi kulikata. Mtu baki ananiita kwa jina langu, na mtoto niliyemzaa mwenyewe anawaambia watu mimi ni mtu wa kusafisha tu.

Alhamisi hii nilikwenda kwake kama kawaida. Nikafika kwenye zile ngazi, sikupanda. Nilisimama nje kwenye mvua nikautazama ule mlango. Miaka sita naingia mlango huo bila kuufikiria. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuogopa.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Wewe mwenyewe uliniandikia Septemba kwamba shule za huko hazina mtu wa kusafisha. Ukasema kila siku baada ya kula watoto wanavaa vitambaa vichwani, wanashika matambara, wanapiga magoti, wanafuta sakafu ya njia nzima wakikimbizana. Wewe pia unafuta. Mkuu wa shule, yule yule mwenye heshima nyingi, anaosha vyoo na watoto. Nilisoma hiyo barua mara tano. Niliisoma mbele ya wenzangu kazini, nikawaambia kuna nchi duniani ambako watu wanajua.

Sasa niambie, aibu ilitoka wapi? Si kwao. Watu ambao mkuu wao anashika brashi ya choo wasingekucheka kwa kuwa mama yako anashika ndoo. Hiyo aibu uliipakia kwenye sanduku hapa hapa Birmingham, ukapita nayo uwanja wa ndege, ukaifungulia kule. Basi ulikuwa nayo siku zote tulizokaa pamoja. Ulipokuwa unaniambia nisikungoje kwenye geti la chuo, kumbe. Ulipokuwa unasema sherehe ya diploma ina viti viwili tu, papa na Arsène waende, kumbe. Usiniambie hapana. Nimekuwa na wiki tatu za kuhesabu mambo hayo, usiku na mchana.

Turudi kwenye barua ya mkuu, maana haikuishia kwenye salamu. Anasema watoto wanakupenda na shule inataka ubaki mwaka mwingine. Hilo ulikwisha kutuambia, kwamba kontrakti utaweka sahihi mwisho wa mwezi huu. Lakini anaomba na kitu kwangu. Anaomba mama wa Orpha aandike maneno machache kwa watoto wa darasa la tano, yasomwe siku ya kufunga mwaka mwezi wa Machi, mbele ya wazazi wote. Ananingoja mimi. Yule mwalimu.

Surinder akapiga meza. "Leta kalamu! Mimi naandika sasa hivi. Bwana Mkuu, mimi hapana mwalimu, mimi nasafisha, na mtoto yangu namna hii haiko adabu. Stempu iko ndani ya mkoba."

Nami nikakubali. Nilikuwa nimewaka. Nikamwambia maneno yote, akayaandika kwa Kiingereza, mengine makali kuliko nilivyosema, namjua. Akabandika stempu. Bahasha ikakaa juu ya friji siku nne. Kila nikitoa maziwa naiona. Kila asubuhi nasema, leo naitupa posta nikienda kupanda basi.

Siku ya nne nikaichukua mpaka kwenye sanduku la posta pale kona. Nikauweka mkono kwenye tundu. Halafu nikaiona kichwani ofisi ya mkuu wako. Anakuita, umesimama, barua iko mezani, na huna mtu wako hata mmoja katika nchi nzima. Wanakuuliza kwa nini ulisema uongo. Wanakupa tiketi urudi. Na kule uwanja wa ndege wewe peke yako na masanduku yako.

Nikarudi nayo nyumbani. Nimeichana, pamoja na stempu ya Surinder, na Surinder amenikasirikia. Wewe ulinivunja mbele ya wamama kumi na mmoja. Na mimi nikikuvunja mbele ya shule nzima, katika sisi wawili nani atakuwa mama?

Usifikiri huo ni msamaha. Bado niko na hasira. Lakini kwa mkuu sitaandika. Nakuandikia wewe yale maneno ya watoto. Yako hapa chini kwa Kiswahili. Wewe ndiye utakayeyatia kwa Kiingereza.

"Watoto wa darasa la tano, nawasalimu. Mimi naitwa Immaculée, mama wa mwalimu wenu Orpha. Mimi si mwalimu. Niliacha shule darasa la nne, kwetu Uvira, mji ulio kando ya ziwa kubwa. Mwalimu wenu alizaliwa huko pia. Tulikimbia vita, tukafika Birmingham yeye akiwa na miaka kumi na tatu na hajui neno moja la Kiingereza. Siku ya kwanza shuleni alijifungia chooni akalia mpaka saa ya kurudi nyumbani. Leo anawafundisha ninyi. Basi mkikosea msione haya, yeye alikosea zaidi. Yule mwanamke mliyemwona mlangoni ni mimi. Ile nyumba si yetu. Mimi naisafisha, na naisafisha vizuri. Nimesikia ninyi nanyi mnasafisha shule yenu. Kamueni tambara sana kabla ya kufuta sakafu, lisidondoshe maji, mwenzenu asianguke. Mungu awabariki."

Ni hayo tu. Usiongeze, usipunguze. Tulipofika nchi hii wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu, kwa daktari, kwa watu wa ofisi ya nyumba, kwa walimu wako. Mwalimu akisema dakika tano, wewe unanigeukia, "Amesema ninaendelea vizuri." Nilikuwa najua kwamba si yote. Nilikuwa nacheka moyoni, nasema mtoto ana akili. Leo sicheki.

Kontrakti weka sahihi au usiweke, hayo ni maisha yako, mimi sitayagusa. Najua ukiyasoma maneno hayo mkuu anaweza kukasirika, na kazi inaweza kwenda. Nalijua hilo, sijakuandikia kwa ujinga. Kazi ikienda, chumba chako kipo, Arsène atatoa baiskeli yake. Usipoyasoma, hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mimi. Kile kitoto chenye miwani kitakua mpaka kizeeke kikijua kwamba mwalimu wake alikuwa na mtumishi aliyecheka vizuri.

Papa yako anakusalimu, anasema usiniogope. Arsène anakusalimu, anataka viatu vya huko, namba arobaini na tano, usimletee. Surinder anakusalimu kwa hasira. Thérèse anakusalimu, alikuja jana na uji, akakaa, hakutaja kitu. Précieuse amekuchorea samaki, nimemtia humu kwenye bahasha. Koko, bibi yako wa kule Uvira, alipiga simu, anauliza kama Japani kuna vile visamaki vya ndagala, nikamwambia sijui, utamjibu mwenyewe.

Mungu akulinde na matetemeko na baridi na watu wabaya. Akupe usingizi. Akupe na ujasiri, maana huo sikuona ukiwa nao siku ile.

Ukiwasomea watoto vile nilivyoandika, nipigie unieleze walisema nini, hata kama ni usiku wa manane huku. Usipowasomea, piga pia, tutaongea habari za theluji. Lakini usije ukaniambia umesoma na hukusoma.

Ni mimi mama yako mzazi, ninayekupenda na hasira yangu yote,

Immaculée